Gome la Mti Ndani ya Damu

Dakika ya nne ya dripu Mwalimu alisema anasikia joto masikioni. Mumewe, aliyeketi kwenye stuli kando ya kiti cha dripu, aliinua macho akatazama saa ya ukutani. Yeye ni fundi saa, na fundi saa hata akiambiwa nyumba inaungua hutazama saa kwanza. Aliporudisha macho kwa mkewe, midomo ya Mwalimu ilikuwa imevimba na mkono wake umeshika koo.

"Kifua," Mwalimu alisema. "Kifua kina..." Neno likamkatikia hapo.

Muuguzi alifika kwa hatua tatu. Akabana mpira wa dripu, akapiga kengele, akashusha kiti mpaka kikawa kitanda. Wakaja wengine wawili na sindano, kisha barakoa ya hewa. Mmoja akasema, "Baba, toka nje kidogo," na fundi alipochelewa kutoka, akasukumwa begani kama mtu anayesogeza pazia. Akajikuta amesimama koridoni, ameshika kiatu kimoja cha mkewe, wala hajui kimefikaje mkononi mwake. Watu waliokuwa kwenye benchi walimtazama, wakatazama kiatu, wakainamisha vichwa.

Baada ya robo saa aliruhusiwa kurudi. Mwalimu alikuwa akipumua, macho mekundu, sauti imekwaruzika kama ya mtu aliyepiga kelele siku nzima.

"Mbona umenishikia kiatu?" akamuuliza. "Ulidhani nakimbia?"

Fundi alitaka kucheka, lakini kilichotoka hakikuwa kicheko.

Daktari aliwaeleza akiwa amesimama. Mwili wa Mwalimu ulikuwa umeikataa dawa, na kumpa tena ni kucheza na roho yake. Dawa nyingine ilikuwepo, ila kwa uvimbe wa saratani wa aina ile nguvu zake ni ndogo. Na uvimbe wenyewe ulikuwa umeshika ukuta wa kifua, kwa hiyo mpasuaji asingeweza kuugusa mpaka usinyae.

"Na usiposinyaa?" aliuliza fundi.

Daktari alifungua faili, akalifunga tena bila kusoma chochote. "Tuombe usinyae," akasema.

*

Mtaani kwao fundi huyu aliitwa Macho Matatu, kwa ajili ya kile kioo cheusi anachokibana jichoni akifungua saa. Alijivunia jina hilo. Alikuwa akisema hakuna kitu kidogo hapa duniani ambacho hajakishika kwa koleo. Mkewe hakuwa na jina la utani, aliitwa Mwalimu tu, na hilo lilitosha. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na sita, na nusu ya mtaa ilikuwa imeshikwa mkono naye ilipoandika herufi ya kwanza. Hata mwenye duka la nyama, mtu mzima mwenye kitambi, alimwamkia kwa kuondoa kofia.

Dada mkubwa wa fundi alikuja kesho yake. Huyu aliitwa Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuwa amebeba dumu la lita tano mkono mmoja na kikapu mkono wa pili, na alianza kusema akiwa bado nje ya mlango.

"Nimesikia! Nimesikia yote! Wamemtia sumu mtoto wa watu! Nimemletea mizizi, nimechemsha mwenyewe tangu alfajiri. Kikombe asubuhi, kikombe jioni." Akaketi, akamgeukia kaka yake. "Anakula? Tumbo linafanya kazi? Usiku analala?"

"Niulize mimi, wifi," Mwalimu akasema kutoka kwenye kochi. "Ugonjwa uko kifuani. Masikio ni mazima."

"Haya, wifi yangu, unakula?"

"Nakula."

"Mwongo. Umebaki shingo tu." Akammiminia kikombe. Maji yalikuwa meusi na yalinuka udongo wa kaburi. Mwalimu aliyatazama, akamtazama wifi yake aliyekuwa amekaa mkao wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Akanywa mpaka mwisho, kwa heshima tu.

Siku ya pili Daktari alipiga simu. Kulikuwa na utafiti, alisema. Dawa ileile iliyomwangusha Mwalimu, lakini imetengenezwa kwa namna nyingine, na huenda mwili wake ukaikubali. Wangependa aje maabara waongee naye. Fundi aliweka simu mezani kama mtu anayeweka kitu kichafu.

"Ileile," akasema. "Wanataka kumpa ileile."

"Wanatafuta panya," Redio akasema. "Panya wamewaishia, sasa wanachukua walimu."

"Sitaki. Nilikuwa pale, dada. Niliona. Mtu anakufa mbele yako kwenye kiti, na saa ukutani inaendelea kama kawaida."

Mwalimu alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati la mumewe, akalilainisha kola kwa kiganja, akaliweka juu ya mengine.

"Kumbe mnajadiliana," akasema. "Mkishapata jibu mniambie, nami nijue kama nipo."



*

Jumatano Macho Matatu alifunga kibanda mapema. Hakumwambia mtu anakokwenda. Alikuwa ameamua kwenda kwenye hiyo maabara na kuwaambia ana kwa ana kwamba mkewe hatakuja, wasimpigie simu tena. Alivaa koti lake la harusi za watu, akabeba mkoba wake wa kazi kwa sababu bila mkoba ule mikono yake haikujua pa kukaa.

Mlinzi wa getini aliuona mkoba. "Fundi? Sawa, saa iko kwa katibu. Mafundi wanapitia mlango wa nyuma."

Alitaka kusahihisha, lakini nyuma yake gari lilikuwa likipiga honi. Akapitia mlango wa nyuma, kando ya mapipa. Katibu, bila kuinua uso, akamnyooshea saa ya ukutani. "Imekufa tangu mwezi jana," akasema. Fundi aliigeuza, akaona betri imewekwa kichwa chini miguu juu. Akaigeuza, akaiweka sawa, akairudisha saa mezani inatembea.

"Kumbe haraka hivyo! Kiasi gani?"

"Sikuja kwa ajili ya saa," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya mke wangu."

Katibu alijifunika mdomo. Alisimama mwenyewe, akampeleka mpaka mlango wa ndani, akiomba radhi njia nzima.

Mtafiti aliyempokea alikuwa msichana wa umri ambao binti yake angekuwa nao kama wangejaliwa. Alivaa koti jeupe lenye doa la wino mfukoni. Macho Matatu alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri njiani, akayasema yote bila kuketi. Mtafiti hakumkatiza. Alipomaliza, msichana akavuta kiti.

"Una haki kukasirika, baba. Ningekuwa wewe ningekasirika zaidi. Nikuonyeshe kitu kimoja, halafu uende?"

Alichukua glasi ya maji na kijichupa cha unga mweupe. Akamimina chembechembe kidogo juu ya maji, akakoroga. Unga ulizunguka, ukaelea, ukajikusanya pembeni ya glasi, wala haukukubali maji.

"Hii ndiyo dawa. Ilitoka kwenye gome la mti. Si jina la ujanja, ni mti kabisa, wa porini, hata ukipita chini yake huwezi kuugeukia. Ndani ya gome kuna kitu kinachozuia seli za saratani kujigawa. Tatizo ni hilo unaloliona. Haipatani na maji, na damu ni maji. Kwa hiyo watu waliitafutia kiyeyusho, mafuta fulani makali, ili iweze kupita kwenye dripu. Kwa kadiri tunavyojua, mwili wa mkeo haukugombana na mti. Uligombana na mafuta."

Fundi aliketi bila kujua ameketi.

"Kwa hiyo mnaitoa mafuta."

"Tunaitoa. Badala yake tunaivisha dawa protini, ileile ambayo tayari inazunguka kwenye damu yako na yangu kila siku. Damu inaiona ni mgeni aliyevaa nguo za nyumbani. Ila lazima ziwe chembe ndogo. Ndogo sana."

Hapo msichana akawa ameingia kwenye shamba la fundi. "Mimi nimeshika skrubu za saa za kike," akasema Macho Matatu. "Ukikohoa, imepotea. Ndogo kiasi gani?"

Mtafiti aling'oa unywele mmoja kichwani mwake, akauweka juu ya karatasi nyeupe. "Unene wa huu. Zikipanga foleni bega kwa bega kutoka ukingo huu mpaka ukingo huu, zitaingia kama mia sita."

"Mia sita kwenda na urefu wa unywele."

"Kwenda na unene, baba."

Alitoa kioo chake mkobani, akakibana jichoni, akauinamia ule unywele. Aliutazama muda mrefu. Akaona kamba nyeusi inayong'aa, nene kuliko alivyowahi kufikiri, na juu yake hakuona kitu ambacho kingeweza kugawanywa hata mara kumi.

"Nani anazitengeneza?" akauliza, kioo bado jichoni. "Mna koleo gani?"

"Hatuna koleo. Tunachanganya, tunausukuma mchanganyiko kwa nguvu kubwa kwenye tundu jembamba, na zenyewe zinajikusanya. Protini inaizunguka dawa, zinakuwa duara."

"Zenyewe?"

"Zenyewe."

Maisha yake yote hakuna kitu kilichowahi kujikusanya chenyewe mbele ya Macho Matatu. Kila gurudumu lililokaa mahali pake alikuwa amelikalisha yeye, kwa pumzi iliyozuiwa na mgongo unaouma. Alivua kioo polepole.

Mtafiti alisimamisha vichupa viwili mezani. Vyote vilikuwa na maji meupe, safi, hakuna tofauti. Akazima taa ya chumba, akawasha kurunzi ndogo ya mwanga mwekundu, akaupitisha kwenye chupa ya kwanza. Mwanga ulitoka upande wa pili ukatua ukutani, ndani ya maji hakuna kitu.

"Haya ni maji matupu. Sasa tazama haya, humu tumeweka tone moja la dawa."

Akasogeza mkono. Ndani ya chupa ya pili ukatokea uzi. Uzi mwekundu wa mwanga, mnyoofu, umesimama katikati ya maji kama umefumwa humo, unang'aa toka ukingo hadi ukingo.

"Mwanga unagongana nazo," msichana akasema kwa sauti ya chini, na ingawa alikuwa ameuonyesha uzi ule mara mia, yeye pia aliinama kuutazama. "Hatuzioni. Tunachoona ni mwanga ukisema kwamba zipo."

Nywele za mikono zilikuwa zimemsimama Macho Matatu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni alihisi kwamba dunia imeendelea chini ya pale alipodhani imekomea. Chini ya skrubu kuna unywele, chini ya unywele kuna umati, na umati una kazi ya kufanya.

Taa ilipowashwa, aliuliza swali moja. "Atapona?"

"Sijui, baba. Ningekuwa najua, isingeitwa utafiti. Tunadhani chembe zitafika kwenye uvimbe, kwa sababu mishipa inayoulisha imejengwa kwa haraka, kama nyumba ya mkandarasi mwizi. Ina nyufa, na chembe zinaweza kuzama humo. Lakini kwa mkeo, sijui."

Alishukuru kwamba hakudanganywa.

*

Alifika nyumbani anatembea kama kijana. Mwalimu alikuwa mezani, na Redio yuko jikoni akiongea na sufuria. Fundi alianza kueleza kabla hajavua koti. Alieleza gome, akaeleza mafuta, akaeleza mgeni aliyevaa nguo za nyumbani. Alipofika kwenye unywele, Mwalimu akasema, "Mia sita."

Fundi aliachia kifungo cha koti.

"Nilikwenda jana," Mwalimu akasema. "Ulipokuwa kibandani. Nilisoma karatasi zote, kurasa kumi na nne, nikauliza maswali, nikasaini. Damu wameshachukua. Yule binti hatoi siri ya mgonjwa, hata kwa mumewe."

"Ulisaini bila kuniambia?"

"Na wewe ulikwenda kukataa bila kuniambia. Tumelingana."

Akamtazama mkewe, na mkewe akamtazama. Kisha Mwalimu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza siri, "Alikuonyesha ule uzi?"

"Alinionyesha."

"Nililia," Mwalimu akasema. "Mtu mzima mimi. Yule mtoto akadhani naogopa."

Redio alitokea jikoni na kikombe. "Mti! Nimesikia mmesema mti! Si nilisema mimi, tangu siku ya kwanza? Haya, wifi, kikombe cha jioni."

Simu ikaita wakati huohuo. Alikuwa Mtafiti. Mwalimu alimsikiliza, uso ukamshuka. "Mizizi," alisema kwenye simu, polepole. "Ndiyo, nakunywa. Mara mbili kwa siku." Akasikiliza tena. "Naelewa." Akaikata.

"Ini," akawaambia. "Vipimo vya ini vimepanda. Vikikaa hivyo, hawanipokei. Wamenipa wiki mbili, nisinywe chochote nisichoandikiwa."

Redio alibaki amesimama, kikombe kinafuka mkononi. Hakuna aliyemtazama, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa. Mdomo wake ulifunguka mara mbili.

"Mimi?" akasema hatimaye. "Ni mimi niliyekuzibia njia?"

"Wifi, ningeweza kukataa. Nilikunywa kwa mikono yangu."

"Ulikunywa kwa sababu ni mimi. Ungepewa na mwingine ungemwaga." Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. "Nilitembea nusu siku kuifuata mizizi ile. Nilichimba mwenyewe, na goti hili. Nilijua mti unatibu, nilijua tu. Sikujua kwamba mti una vingi ndani yake, na vingine havikupendi."

Mwalimu alinyanyuka, akamshika mkono. "Ulijua nusu, wifi yangu. Na hata wao kwa miaka mingi walijua nusu."

Redio alichukua dumu, akatoka nje nalo, akalimwaga lote mferejini. Aliporudi alifunga kanga kiunoni vizuri, akasema kuanzia leo chakula cha mgonjwa atapika yeye, na kila kitakachoingia sufuriani atakiandika kwenye karatasi aipeleke kwa yule binti mwenye koti jeupe. Akatimiza. Siku kumi na nne, karatasi kumi na nne. Siku ya kumi na tano vipimo vya ini vilikuwa vimeshuka.

*

Waliwekwa kwenye chumba kilekile. Daktari alikuja, Mtafiti akaja, muuguzi aliweka sindano tatu za dharura kwenye trei bila kuzificha. Dawa ilikuwa nyeupe kidogo, kama maji yaliyooshewa kikombe cha maziwa. Tone la kwanza likashuka.

Fundi hakutazama saa. Alimtazama mkewe masikioni.

"Dakika ngapi?" aliuliza Mwalimu.

"Mbili," alisema muuguzi.

Dakika ya tatu ikaingia. Ya nne ilipoanza, Mwalimu alifumba macho, na fundi akainuka kwenye stuli. Vidole vya Daktari vilikuwa vimeshagusa trei.

"Sasa," Mwalimu akasema macho yakiwa bado yamefumbwa, "mmesimama wote wanne mnanitazama kama nimeanguka kutoka mbinguni. Hakuna wagonjwa wengine humu?"

Ya tano ikapita. Ya kumi. Nusu saa ilipotimia mfuko ulikuwa umekwisha, na mamilioni ya mamilioni ya vitu visivyoonekana vilikuwa vikizunguka ndani ya mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa akiulizia viatu vyake. Mtafiti aligeukia dirisha, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Haikuwa mteremko. Nywele zilianguka, ganzi ikamkaa vidoleni, kuna wiki alishindwa hata kushika kijiko. Siku moja dukani, mama mmoja alimsogeza mwanawe mbali naye kana kwamba upara unaambukiza, na mama huyohuyo alikuwa amefundishwa kusoma na Mwalimu. Alirudi nyumbani bila alichokwenda kununua. Lakini baada ya miezi mitatu waliitwa kuona picha.

Daktari aliibandika picha ya zamani kwenye kioo chenye taa, na ya sasa kando yake. Kisha akanyamaza. Akamwita mpasuaji. Mpasuaji akaja, akakaribia, akarudi nyuma, naye akanyamaza.

"Darasani kwangu," Mwalimu akasema, "watoto wakinyamaza hivyo kuna kitu kimevunjika."

"Hakuna kilichovunjika," akasema mpasuaji. "Hapa palikuwa na ngumi. Sasa pana punje. Na imeuachia ukuta." Akageuka. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, aliyepasua watu miaka thelathini, lakini uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeonyeshwa kitu. "Naweza kuitoa, mama. Wiki ijayo naweza kuitoa."

Akaitoa. Hawakumwambia amepona. Walimwambia watamtazama kwa miaka mitano, na kwamba mtu wa nyuma yake kwenye utafiti ule hakuwa na bahati kama yake, na hawajui kwa nini. Mwalimu alilitaka jambo hilo aambiwe, na alipoambiwa aliinamisha kichwa kwa muda mrefu.

Siku aliyoruhusiwa kutoka, alishuka ngazi za hospitali kwa miguu yake, mumewe upande mmoja, wifi upande wa pili akisimulia. Ngazi ya mwisho akasimama. Mtunza bustani alikuwa amechuchumaa na kisu chake, akichokoa mimea midogo iliyoota kwenye ufa wa saruji. Alikuwa amebakiza mmoja, wenye majani mawili matatu na ua lisilofika ukubwa wa kucha.

"Huo ni nini?" Mwalimu aliuliza.

"Huu? Magugu tu, mama."

"Umejuaje?"

Mtunza bustani alimtazama yule mwanamke mwenye kitambaa kichwani, aone kama anamtania. Hakuwa anatania. Akautazama mmea, kwanza haraka, kisha taratibu, akainama zaidi, kama mtu anayeombwa asome maandishi madogo. Halafu akauacha, akakisogeza kisu chake, akaendelea na ufa wa mbele.